Programu zisizo na seva zianze na watu wanaokutana

Intaneti ilipozimwa Tanzania nzima siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na kubaki hivyo kwa siku kadhaa, watu wengi walijifunza kwa vitendo jambo ambalo mafundi wa mitandao wamekuwa wakilisema miaka yote. Ujumbe wa WhatsApp kutoka Sinza kwenda Sinza, nyumba ya tatu, hupita kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni iliyo mbali na nchi, halafu ndipo urudi kwa jirani. Njia ya kutoka ikifungwa, jirani naye hapatikani. Uganda ilipitia hali hiyo Januari 2021 na ikaipitia tena Januari 2026. Safari hii ya pili Bobi Wine alikuwa ameshawahimiza wafuasi wake wapakue Bitchat, programu ya kutumiana ujumbe kwa Bluetooth iliyotolewa Julai 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter.

Hamu ya kujenga programu zinazowasiliana simu kwa simu, bila seva ya kati, imepanda, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachobishana nacho ni mahali ambapo wengi wanaanzia. Wanaanza na umati: WhatsApp mpya, Twitter mpya, soko la nchi nzima, kila kitu kama kilivyokuwa ila seva imeondolewa. Naamini huko ndiko programu hizi zinakofia. Mitandao ya aina hii ina mahali pake pa asili, napo ni kwenye kikundi cha watu wanaojuana na wanaokutana ana kwa ana kila baada ya muda. Mjenzi anayewalenga hao husaidiwa na mtandao wenyewe, na anayelenga umati hupigana nao tangu siku ya kwanza.

Mfano unaofundisha zaidi, kwangu, ni Secure Scuttlebutt. Ulianzishwa mwaka 2014 na Dominic Tarr, mtaalamu wa programu kutoka New Zealand aliyekuwa akiishi kwenye mashua yake na kukaa muda mrefu bila intaneti. Kila mtumiaji ana jozi ya funguo: mmoja wa siri unaobaki kwenye kifaa chake, na mwingine wa umma ambao ndio utambulisho wake. Kila anachoandika kinaingia kwenye daftari lake mwenyewe, kikiwa kimetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri na kubeba alama ya ujumbe uliotangulia. Huwezi kuchomoa ukurasa wa katikati wala kuubadilisha bila wenzako kugundua. Vifaa viwili vikikutana, kwenye Wi-Fi moja au kupitia intaneti, vinaulizana: daftari la fulani unalo hadi ujumbe wa ngapi? Mwenye zaidi anampa mwenye pungufu. Kwa hiyo ujumbe wako unaweza kunifikia kupitia simu ya rafiki yetu wa tatu, nami nikahakiki kwamba ni wako kweli, hata kama wewe na mimi hatujawahi kuwa hewani kwa wakati mmoja.

Kwa mjenzi wa programu, hapo pana utajiri mkubwa. Hakuna hifadhidata ya kukodi wala kampuni ya kuiombea ruhusa. Rundo la jumbe ndilo hifadhidata, na programu ni namna tu ya kulisoma. Kila ujumbe hutaja aina yake, na programu isiyoijua aina hiyo huuruka ikaendelea. Ndivyo ilivyowezekana mtu mmoja kutunga aina za ujumbe za kuchezea sataranji, mwingine akaweka juu ya madaftari hayo mfumo wa kutunzia msimbo wa programu, na wengine wakatengeneza Patchwork kwa kompyuta na Manyverse kwa simu, zote zikisoma madaftari yaleyale. Mtumiaji aliyeichoka programu moja alihamia nyingine bila kupoteza marafiki wala maandishi yake. Sijaona seva inayotoa uhuru wa namna hiyo.

Lakini Scuttlebutt ulitumika kama mtandao wa kijamii, na hapo ndipo mzigo ulipoanza kuonekana. Simu yako hubeba madaftari ya marafiki zako, na ya marafiki wa marafiki zako pia. Ukiwa na marafiki 20 wanaojuana, mzigo ni mwepesi. Ukimfuata mtu mmoja mwenye mamia ya marafiki, simu inaanza kupakua miaka ya maandishi ya watu usiowajua, na mtumiaji mpya anaangalia mstari wa upakuaji ukitambaa huku bando likiisha. Kwenye simu yenye nafasi ya gigabaiti 16, nusu yake ikiwa imeshaliwa na mfumo wenyewe, hilo halivumiliki. Tena daftari ni moja kwa ufunguo mmoja. Ukinakili ufunguo uleule kwenye simu na kompyuta, ukaandika kwenye vyote viwili, daftari linagawanyika matawi mawili na wenzako hawajui wafuate lipi.

Kuna kosa jingine la awali ambalo kila mjenzi angepaswa kulisoma kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo. Sahihi ya ujumbe wa Scuttlebutt ilipigwa juu ya maandishi kama lugha ya programu ya JavaScript inavyoyatoa, nafasi kwa nafasi na herufi kwa herufi. Aliyetaka kuandika programu yake kwa lugha nyingine, kama Go au Rust, alilazimika kuiga kila tabia ya JavaScript: mpangilio wa sehemu, namna inavyochapa namba, hata namna inavyosogeza mistari. Tofauti ya herufi moja, sahihi inakataliwa. Kwenye seva ungerekebisha usiku mmoja. Hapa jumbe za zamani haziguswi, kwa hiyo uamuzi wa haraka wa mwanzoni unaishi milele kwenye simu za watu. Ningemshauri yeyote aandike kanuni za muundo wa ujumbe kabla hajachora skrini hata moja, kisha azijaribu kwa lugha mbili tofauti za programu.

Ukanda wetu umewahi kuishi na ujumbe usio na haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kudumu haijafika, mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, uliwaunganisha madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa kutumia setilaiti ndogo iliyopita juu yao mara chache kwa siku. Ikipita, kituo cha ardhini kinapakia barua zilizosubiri na kupokea zilizoletwa. Kwenye nyaya za simu walitumia mbinu ya FidoNet, iliyobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984: kompyuta zinapigiana, zinakabidhiana furushi la barua, zinakata. Daktari aliyeuliza swali asubuhi hakutarajia jibu kabla ya kesho, na huduma yote ilipangwa kwa kujua hivyo. Makala za kitabibu zilichaguliwa, zikafupishwa na kutumwa kwa vipindi. Huduma hiyo ilifaa kwa sababu haikujifanya kuwa ya papo kwa papo.

Leo simu zina nguvu mara maelfu, lakini kuna hali moja inayowarudisha wajenzi kulekule, nayo ni usingizi wa simu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyotulia mezani huzilaza programu ili kuokoa betri, na iPhone ni kali zaidi. WhatsApp huamshwa kwa kengele inayopita kwenye seva za Google au Apple. Programu isiyo na seva haina wa kumpigia kengele. Ongeza kwamba kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kiasi kwamba simu ya Mwanza haiwezi kuigongea moja kwa moja simu ya Mbeya hata zote zikiwa na bando. Lazima awepo wa kuzikutanisha, na ukishamweka huyo, umerudisha kipande cha seva. Hakuna aibu katika hilo ilimradi usimfiche mtumiaji.

Briar, programu ya Android iliyofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2018, imelishughulikia jambo hili kwa uaminifu ninaoupenda. Hutuma ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi watu wakiwa karibu, na kupitia Tor, mtandao unaoficha nani anawasiliana na nani, intaneti ikiwepo. Kwa ajili ya usingizi, watengenezaji wake wakaja na Briar Mailbox: unachukua simu ya zamani, unaichomeka kwenye umeme na Wi-Fi nyumbani, inapokea jumbe zako wakati simu yako ya mkononi haipo hewani. Na Briar inaweza kujigawa yenyewe kwa simu ya jirani bila intaneti, kwa kufungua Wi-Fi ya simu yako. Kwetu hili lina uzito, maana watu wamezoea miaka mingi kupeana nyimbo, video na programu kwa Xender wakiwa wamekaa pamoja. Programu inayotegemea Play Store peke yake imeshazimwa siku intaneti inapozimwa.

Sasa umati. FireChat, programu ya ujumbe wa simu kwa simu, ilivuma Hong Kong mwaka 2014, waandamanaji wakiogopa mtandao kuzimwa, na vyumba vyake vya wazi vingeweza kusomwa na yeyote aliyekuwepo, hata polisi. Bridgefy, ya aina hiyohiyo, nayo ilivuma kwenye maandamano ya Hong Kong ya 2019. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba mtu angeweza kuwafuatilia watumiaji wake, kusoma jumbe zao, kujifanya mtu mwingine, na kuuangusha mtandao mzima kwa ujumbe mmoja ulioundwa kwa hila. Bitchat ilipotoka, ilibidi iwekewe onyo kwamba bado haijakaguliwa na wataalamu wa usalama wa nje. Programu tatu, na kila mara watu walikimbilia chombo wakati wa hatari, wakiwa na wageni pande zote, bila muda wa kuhakiki nani ni nani.

Hata usalama ukitengenezwa vizuri, hesabu ya umbali inabaki. Bitchat hurusha ujumbe kutoka simu hadi simu, mara saba kwa kikomo chake cha kawaida, na kila mruko wa Bluetooth ni wa makumi ya mita. Uwanjani kwenye umati inaweza kufanya kazi. Kesho yake kila mtu amerudi kwake, na kutoka Mbagala hadi Tegeta hakuna mnyororo wa simu zilizowashwa programu hiyo. Mwanafunzi anayetaka kujua kama mama yake aliye mjini kwingine yu salama hawezi kusaidiwa nayo kwa Bluetooth. Kumwambia kwamba itamsaidia ni kumdanganya wakati ambao anahitaji ukweli kuliko wakati wowote.

Linganisha na Mapeo, programu ya kuchora ramani iliyojengwa na shirika la Digital Democracy, ambalo sasa linaitwa Awana Digital. Waorani, jamii ya wenyeji wa Ekuado kwenye msitu wa Amazon, waliitumia kuchora ramani ya ardhi yao: mito, makaburi, njia za kuwinda, miti ya dawa. Mtu anaingia msituni na simu, anarekodi kwa siku nyingi bila mtandao wowote, na akirudi kijijini simu zinapeana data kwa Wi-Fi ya hapohapo. Haikuwapo seva ya kampuni ambayo mshindani wao angeweza kuichungulia. Mwezi Aprili 2019 mahakama ya Pastaza iliwapa Waorani ushindi dhidi ya mpango wa serikali wa kunadi ardhi hiyo kwa kampuni za mafuta. Ushindi ulikuwa wa watu na mawakili wao, lakini ramani ilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyehitaji umati. Walihitaji watu wanaojuana, wanaorudi mahali pamoja.

Afrika Mashariki ina vikundi vya namna hiyo kila mtaa, na kikoba ndicho ningekijengea kwanza. Wanachama, mara nyingi kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na huweka fedha kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na wanachama watatu tofauti. Katibu anaandika daftari. Daftari likilowa, likipotea au likibadilishwa kimyakimya, kikundi kinavunjika na urafiki wa miaka unaisha. Programu za vikoba zenye seva zipo, lakini zinataka bando kila mkutano, na kampuni ikifunga milango, kumbukumbu zinaondoka nayo. Leja inayokaa kwenye simu za wanachama wenyewe, ikipeana taarifa kwa Bluetooth wakiwa wamekaa chini ya mwembe uleule, haina tatizo la usingizi, wala la anwani, wala la wageni. Mkutano wa wiki ndio mtandao.

Lakini ugumu mmoja unabaki, nao ndio kiini cha kazi. Bila seva hakuna saa moja inayokubalika na wote. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alilieleza jambo hili mwaka 1978 na hakuna aliyelikwepa tangu hapo. Michango haina shida. Mama A akirekodi 5,000 na Mama B akirekodi 10,000, simu zikija kukutana jumla ni ileile kwa mpangilio wowote. Mkopo hauko hivyo. Sanduku likiwa na 200,000, viongozi wawili walio sehemu mbili wakiidhinisha mikopo ya 150,000 kila mmoja, simu zote mbili zitaona zimefanya sawa, na zikikutana deni limezidi sanduku. Wajenzi wengi wanakimbilia mnyororo wa bloku (blockchain) hapa, na ada zake, na haja yake ya intaneti. Kikoba kimeshatatua: mkopo hutolewa mkutanoni, wenye funguo tatu wakiwepo. Basi programu iruhusu mchango urekodiwe wakati wowote, na ikatae kutoa mkopo mpaka simu za washika funguo watatu ziwe karibu na zote zitie sahihi. Kanuni ya kikundi inakuwa kanuni ya mtandao, na mwanachama haelezwi chochote kipya.

Fedha zenyewe zitaendelea kupita kwenye M-Pesa na wenzake au taslimu. Leja ni kumbukumbu tu, na isijitangaze zaidi ya hapo. Na wenye simu za kitochi wasitupwe nje. Kikundi kikiwa na simu janja tano tu, hizo tano zinatosha kutunza nakala, na hesabu zisomwe kwa sauti mwisho wa mkutano kama zinavyosomwa sasa. Programu ambayo inamlazimu bibi wa miaka 70 kununua simu mpya ili abaki mwanachama haifai kuwekwa mikononi mwa kikoba.

Ufunguo ukipotea, je? Kwenye huduma yenye seva unabonyeza umesahau nenosiri. Hapa simu ikiibwa kwenye daladala, utambulisho wako umeenda nayo, na hakuna ofisi ya kupigia. Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na ndilo ambalo watengenezaji hulisukuma mwisho. Jibu zuri lipo tangu 1979, mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir alipoonyesha namna ya kugawa siri vipande kadhaa, mathalani vitano, kiasi kwamba vitatu vyovyote vinairudisha na viwili haviambii mtu kitu. Dark Crystal, programu iliyojengwa juu ya Scuttlebutt, iliwawezesha watu kuwagawia marafiki wanaowaamini vipande vya ufunguo wao. Mwanachama wa kikoba aliyeibiwa anakuja mkutanoni na simu nyingine, wenzake wanamtazama usoni, watatu wanarudisha vipande, naye ameendelea. Kwa umati wa wageni, mbinu hii haina pa kushika. Kwa watu wanaokutana ni kazi ya dakika chache, na ningeiweka kwenye toleo la kwanza, kabla ya picha, kabla ya rangi, kabla ya stika.

Limebaki jambo la kufuta, na hapa sina jibu linaloridhisha pande zote. Daftari lisilofutika ndilo linalomlinda mwanachama dhidi ya katibu mdanganyifu. Daftari hilohilo linambana mwanachama anayejitoa na kutaka taarifa zake ziondoke, haki ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zinaitambua. Hakuna amri unayoweza kutuma ikahakikisha simu 20 zimefuta kitu, hasa ile iliyozimwa kabatini tangu mwaka juzi. Wapo wanaosema basi tufiche kila kitu kwa usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo, na ufunguo ukiharibiwa ndiyo kufuta. Inasaidia, ila wenzako walishausoma ujumbe.

Ninachoweza kukubaliana nacho ni kupunguza kinachoingia. Kwenye leja iende namba ya mwanachama, kiasi na tarehe. Jina, namba ya simu na picha vikae kwenye kadi tofauti, nje ya mnyororo wa sahihi, ambayo kila simu inaiondoa mara tu inapopata taarifa kwamba mwenyewe amejitoa. Na kabla mwanachama mpya hajabonyeza kukubali, programu imwambie kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sauti kama hajui kusoma, kwamba hesabu ya michango yake itabaki kwenye simu za wenzake hata akiondoka, ili aamue akijua.